Umesikia, au Umedhani Umesikia? Maneno Yangu kwa Watanzania Waliohamia Nairobi

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita mbele ya Watanzania wenzangu waliohamia Nairobi karibuni, katika ukumbi wa kanisa huku South B. Wengi walikwama njiani kwa mvua, wengine walikuwa zamu, wakaniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Wazee wangu mliotutangulia, shikamooni. Ahsanteni. Dada na kaka zangu, habari za leo? Na ninyi wadogo zangu mliokuja kwa masomo, hamjambo?

Mmesikia ukumbi ulivyoitikia? Marahaba ile imetoka kifuani. Ishikeni, maana nje ya mlango huo kuna siku mtaitafuta.

Nimeombwa niseme jinsi ya kuyazoea maisha ya hapa. Ndugu zangu, Mtanzania akienda Uchina anajua amekwenda ugenini. Anajua tangu uwanja wa ndege: maandishi hayasomi, chakula hakijui, kuagiza maji tu ya kunywa ni mtihani. Kwa hiyo anajihadhari. Anauliza. Anatazama wenzake wanafanyaje. Sisi je? Sisi tunapanda basi Arusha asubuhi, tunagongewa muhuri Namanga, na jua halijazama tupo Nairobi. Konda wa kwanza tunayekutana naye anatuambia, "Panda, twende." Tunasema moyoni: nimefika nyumbani.

Hapo ndipo tunapoanza kukosea. Nataka kila mmoja wenu aondoke leo na swali moja, alitembee nalo mjini: umesikia, au umedhani umesikia?

Nilifika Julai 2013, peke yangu. Mke wangu na watoto wetu wawili nilikuwa nimewaacha Muheza mpaka nipate pa kukaa. Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja huko Inda, kama wenyeji wanavyoliita eneo la viwanda. Nikiwa na miezi minne kazini, nikapigiwa simu usiku. Asubuhi nikaenda kwa meneja, macho mekundu, nikamwambia, "Bibi yangu amefariki. Naomba ruhusa nikazike."

Naona watu wazima hapa wanatikisa vichwa. Ninyi mnajua. Waliofika juzi hawajajua bado.

Meneja alisimama. Alinishika bega, akanipa wiki nzima bila swali hata moja. Nikapanda basi la usiku hadi Mombasa, nikavuka Lungalunga na Horohoro, nikafika Muheza, tukamzika bibi. Huyo ndiye aliyenilea. Nikarudi Nairobi siku ya nane.

Nilipoingia stoo, kazi ilisimama. Wote walikuja. Mzee mmoja, mkubwa wetu pale, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Sasa hao watoto utalea aje peke yako?"

Nikamjibu, "Watoto hawajambo mzee, wapo na mama yao."

Kukawa kimya. Kimya kile nakisikia mpaka leo. Mzee hakuuachia mkono wangu, ila nilihisi vidole vyake vimelegea. Kwa Mkenya, ndugu zangu, bibi ni mke. Anayekulea, mama wa mama au mama wa baba, ni nyanya, na kwa watu wa Nairobi ni shosho. Nilikuwa nimetangaza ofisi nzima kwamba mke wangu amekufa, na sasa nasema yupo Muheza na watoto. Mezani kulikuwa na bahasha. Juu yake karatasi yenye majina 31, na kila jina na kiasi chake. Kijana aliyekuwa akipiga deki alikuwa ameandika hamsini, kwa penseli, mwandiko wa kukandamiza. Jumla ilikuwa shilingi 27,000.

Niliona katika nyuso mbili tatu wanavyofikiri: huyu ni tapeli. Nani angewalaumu? Nilieleza, maneno yakinikwama. Nikaisukuma bahasha kuwarudishia. Yule mzee akatazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akasema, "Kumbe ni nyanya. Nyanya pia huzikwa. Weka pesa."

Nawaambieni habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza mmeiona: neno moja, na lugha ni ile ile. Ya pili ni ile karatasi. Wale watu 31 nilikuwa nimewaandika moyoni mwangu kuwa ni watu wakavu. Kwa nini? Kwa sababu ya salamu.

Kwetu ukienda dukani unaanza na habari ya asubuhi, unauliza za nyumbani, watoto hawajambo, halafu ndipo, "Naomba nusu kilo ya sukari." Nairobi unafika, muuzaji anakwambia, "Sema." Sema! Mara ya kwanza nilidhani nimemkosea. Mteja aliye mbele yako anasema, "Nisaidie na maziwa," na wewe unatafuta ni msaada gani anaoutaka. Ukimpa shikamoo mwanamke wa miaka arobaini na tano pale benki, anaweza kukuuliza kama unamwona amezeeka. Mimi niliulizwa.

Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba "nisaidie" ndiyo "naomba" yao. Yule anayesema "nisaidie na chumvi" amekuheshimu kama anavyokuheshimu anayesema "naomba chumvi." Na yule anayekwambia "sema" anakuheshimu kwa namna ya mji huu: anakuona una safari, una foleni nyuma yako, una basi litakalokuacha, kwa hiyo hataki kukula muda. Sisi tunaonyesha heshima kwa kumpa mtu muda wetu. Wao, hasa mchana wa kazi, wanaionyesha kwa kutouchukua muda wake. Je, umesikia ukavu, au umedhani umesikia ukavu?

Siwaambii muache salamu zetu. Msiache. Mama mboga wa pale ninapokaa ameshazizoea, na siku nikipita haraka ananiita, "Leo hukuuliza watoto?"

Chakula nitakipitia upesi, maana kinajifundisha chenyewe. Ukiagiza chai, inakuja ya maziwa. Unayetaka ya rangi useme. Ukiagiza ndengu utaletewa choroko. Githeri ni jamaa wa karibu wa makande. Umeme ni stima, na badala ya LUKU utanunua tokeni. Vocha ni kredo. Duka la dawa ni kemisti. Pesa zina majina yake ya mtaani: mbao ni shilingi ishirini, finje ni hamsini, soo ni mia, thao ni elfu. Ukisema buku watadhani unatafuta daftari.

Lakini kwenye pesa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapo niliumia, na sitaki mwingine aumie.

Shilingi ya hapa ni takriban ishirini za kwetu, kupanda na kushuka. Wiki za mwanzo kila kitu unakiona rahisi. Kodi elfu kumi na tano! Nauli hamsini! Mkono unalegea. Kisha mshahara nao unakuja kwa shilingi hizo hizo, na tarehe ishirini huna kitu. Acheni kuzidisha kwa ishirini mapema iwezekanavyo. Hesabu maisha yako kwa pesa unayolipwa nayo.

Halafu nyumba. Dar es Salaam mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, pengine mwaka mzima, taslimu. Tumezoea. Nairobi mpangaji wa kawaida analipa mwezi kwa mwezi, mara nyingi kabla ya tarehe tano, na mwanzoni anaweka dipoziti ya mwezi mmoja. Mimi sikulijua hilo. Nilikuja na kodi ya miezi sita mfukoni, jasho la mwaka mzima. Mtu mmoja akajitambulisha kuwa ni wakala, akanionyesha nyumba nzuri, ufunguo anao, akaniambia mwenye nyumba anataka miezi sita. Mkenya yeyote angekimbia pale pale. Mimi nilimhesabia noti zake. Jioni nilirudi na godoro begani, nikamkuta keateka halisi, yaani msimamizi wa nyumba, amekaa mlangoni na kitabu chake cha wapangaji, na jina langu halimo.

Mnaona kilichoniponza? Si ujinga wa mambo ya kigeni. Kilichoniponza ni kwamba aliniomba kitu ninachokijua. Kama angeniomba kitu cha ajabu ningeshtuka. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiwa hapa, jambo likifanana mno na la nyumbani, hapo ndipo muulize mara mbili. Muulize keateka, muulize jirani anayeanika nguo, kabla ya kutoa hata shilingi. Mkilipa, mlipe kwa M-Pesa, mwone jina linalotokea, mtunze ujumbe.

Na matatu, daladala za hapa, je? Sisi tumezoea nauli ya daladala iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Konda akizidisha, abiria wote wanamjia juu. Hapa nauli inapanda jioni, inapanda mvua ikinyesha, inashuka saa nne asubuhi. Novemba ile ya kwanza nilikuwa naenda Rongai kumwona rafiki. Asubuhi nilikuwa nimelipa mia. Jioni, mvua imeshika, konda anasema mia mbili. Nikasimama mlangoni kudai haki yangu, namweleza habari ya nauli halali. Alinisikiliza kwa adabu kabisa, akatazama foleni nyuma yangu, akafunga mlango. Nilibaki na mvua. Dada mmoja chini ya mwavuli akaniambia, "Uliza bei kabla ya kupanda. Ukiona ni ghali, ngoja, au tembea. Lakini usibishane mlangoni, watu wanalowa." Nimefuata maneno yake tangu siku hiyo.

Sasa naingia kwenye jambo zito, naomba mnivumilie.

Kwetu tuna utani. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana mpaka msibani, na aliyefiwa anacheka machozi yakiwa shavuni. Makabila yetu tunayataja kama tunavyotaja timu za mpira. Tumelelewa hivyo, na ni tunu. Lakini tunu hiyo haivuki Namanga.

Mwaka wangu wa pili, tukiwa tunakunywa chai ya saa nne, nilimtania mwenzangu kwa kabila lake. Utani mwepesi, ambao Muheza usingemgeuza mtu kichwa. Yule bwana aliweka kikombe mezani kikiwa na chai nusu, akatoka. Hakunijibu kwa hasira. Hakunijibu kabisa. Mwingine ndiye aliyenivuta pembeni, akanieleza kwamba Januari 2008 familia ya yule bwana ilitoka nyumbani kwao usiku na nguo walizovaa, na nyumba ikachomwa, na waliochoma walikuwa majirani waliokuwa wakiwatania.

Tume iliyochunguza machafuko yale ya baada ya uchaguzi ilihesabu vifo 1,133. Mamia ya maelfu walikimbia makwao. Unapofanya kazi Nairobi unakaa meza moja na watu waliopita mle, pande zote. Hawatakuhadithia. Watakwenda kazini, watakunywa chai, watacheka. Na wewe, mgeni, utachukua jina la kabila ulichezee? Nilimwomba msamaha siku ile ile. Alisema, "Ulikuwa hujui." Ni kweli nilikuwa sijui, na bado lilimuuma.

Kwa hiyo nawasihi. Mtu akikuuliza, "Kwenu ni wapi?" mjibu Muheza, Songea, Bukoba, na yaishe hapo. Wewe usimuulize mtu kabila lake. Utani wetu wekeni kabatini, mtautoa mkienda likizo.

Jambo la mwisho ni lugha yenyewe, na hapa nasema nasi, si na wenyeji.

Mnakijua kile kichekesho: Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikafa Kenya, kikazikwa Uganda. Nimekisema mimi. Nimekisema mezani kwa watu walionikaribisha, nikitegemea wacheke. Nani hapa hajakisema? Naomba tukome. Tukome kabisa.

Tumesahau nini? Tumesahau kwamba mkutano ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, mwaka 1928. Tumesahau kwamba mashairi yalikuwa yanatungwa na kuandikwa huko Lamu na Mombasa tangu karne ya 18. Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu ni Kiswahili, na wenyewe wapo, ni Wakenya. Na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa hiyo unapomsahihisha mtu wa Nairobi kwa kusema "niko na njaa" badala ya "nina njaa," unamsahihisha mtu aliye nyumbani kwake.

Nilifundishwa hilo na mwalimu wa binti yangu. Familia ilikuwa imeshanifuata, mtoto yuko darasa la tatu. Akarudi na daftari lina alama nyekundu ya kosa kwenye neno maharage, juu yake pameandikwa "maharagwe." Damu ilinichemka. Mtoto wa Tanga asahihishwe Kiswahili! Kesho yake nilikuwa shuleni kabla ya kengele.

Mwalimu alikuwa msichana mdogo. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka nilipoishiwa maneno. Kisha akaniuliza, "Baba Zuhura, mtoto atafanya mtihani wa wapi?" Nikasema, wa hapa. "Basi anahitaji kulijua neno la hapa. Lakini umesema kweli, la kwenu si kosa, nami nisingeweka alama ile." Akachukua kalamu, akafuta kosa lile mbele yangu. Wiki iliyofuata Zuhura alirudi anaruka. Mwalimu alikuwa amegawanya ubao kwa mstari: umeme, stima, bibi, nyanya, maharage, maharagwe, sekondari, shule ya upili. Na Zuhura ndiye aliyesimamishwa kuwatajia wenzake maneno ya upande wa kushoto. Mwanangu, aliyekuwa haongei darasani tangu tuje.

Sikuwahi kumshukuru ipasavyo yule mwalimu, naye ameshahama shule.

Nimalizie na mawili ya haraka ambayo ni ya kulinda uhai na amani yako. Moja ni baridi. Mji huu upo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai na Agosti jua linaweza kukupotea kwa siku kadhaa. Sisi wa pwani tunateseka. Nunueni mablanketi, nunueni sweta za mitumba Gikomba. Lakini msilale na jiko la mkaa ndani. Narudia: msilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi unaweza kuwa umekwisha, makaa yamebaki mekundu, yanapendeza, na gesi ya kaboni monoksidi inatoka, haina rangi wala harufu. Mtu akilala nayo, haamki.

La pili ni karatasi. Muhuri wa Namanga ni wa kuingia na kutembea, hautoshi kufanyia kazi. Ukikaa zaidi ya miezi mitatu unatakiwa kujiandikisha upate kitambulisho cha mgeni. Usingoje mpaka usimamishwe na askari.

Ndugu zangu, chai ipo nyuma, ya maziwa na ya rangi. Naomba wale ambao bado hawajapata nyumba, na yeyote mwenye barua ya uhamiaji asiyoielewa, mbaki upande huu wa dirishani. Msione haya. Mimi nitakuwepo hadi saa kumi na mbili, na yupo dada hapa mbele, ni Mkenya, keateka wa ploti tatu, yaani majengo matatu ya kupangisha, huku South B, ambaye amekubali kuja kwa hiari yake kutazama na kila mmoja wenu nyumba aliyoonyeshwa, kabla hajalipa.